Ganzi ya kidole cha mwisho: kuukinga mkono, kufungulia neva ya kiwiko, au kuihamisha?

Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vikianza kufa ganzi, mtu wa Mtwara au Lindi ana njia tatu za kuchagua. Anaweza kubadili namna anavyoutumia na kuulaza mkono. Anaweza kupasuliwa ili neva, yaani mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni, ifunguliwe palepale ilipobanwa. Au anaweza kupasuliwa ili neva itolewe nyuma ya kiwiko na kuletwa mbele. Wengi huchagua kwa kupima maumivu: kisichouma sana kinasubiri. Kwa neva hii kipimo hicho kinapotosha. Mkono unaouma usiku na kuamka mzima asubuhi una nafasi nzuri ya kupona bila kisu. Mkono usiouma kabisa, lakini ulioanza kukonda pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ndio unaotakiwa kufika hospitali mwezi huu. Anza na nyama na nguvu za kiganja, maumivu yaje baadaye.

Neva inabanwa wapi

Neva ya ulna hutoka shingoni, hushuka upande wa ndani wa mkono na kupita nyuma ya nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kiwiko, pale ambapo ukijigonga unapigwa shoti hadi vidoleni. Hapo hupita kwenye mfereji mwembamba ambao sakafu yake ni mfupa na paa lake ni utepe mgumu. Ikitoka kwenye mfereji huzama kati ya vichwa viwili vya msuli wa kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Kiwiko kikikunjwa, utepe hukaza, mfereji hupungua nafasi na neva yenyewe huvutwa. Ndiyo maana ganzi huja mtu anapoongea na simu muda mrefu, anapolala kiganja kikiwa chini ya shavu, au mtoto anapomlalia mkononi.

Kazi za huku zina mchango wake. Anayebangua au kumenya korosho hukaa saa nyingi viwiko vikiwa vimekunjwa na vimeegemea ukingo wa meza. Fundi cherehani ni hivyo hivyo. Dereva wa lori anayeegemeza kiwiko dirishani kwa zaidi ya kilomita 550 za barabara ya Dar es Salaam huibana neva yake kwa chuma cha mlango.

Neva hii hulisha ngozi ya vidole hivyo viwili, na pia karibu misuli yote midogo iliyo ndani ya kiganja. Ikidhoofika, mtu hushindwa kuzungusha ufunguo, kufunga vifungo vya shati, kushika kisu imara au kubana punje ya korosho kwa ncha za vidole aondoe ganda la ndani. Kidole cha mwisho hujitenga na wenzake na kunasa kila mkono unapoingia mfukoni. Baadaye vidole viwili vya mwisho hujikunja na kukataa kunyooka.

Je, ni kiwiko kweli?

Usichague tiba kabla ya swali hili kujibiwa. Ukipasuliwa kiwiko wakati ugonjwa uko shingoni, utabaki na kovu na ganzi yako.

Ganzi ikishika dole gumba, shahada na kidole cha kati, hiyo mara nyingi ni neva nyingine inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na tiba yake ni tofauti. Ikishika kidole cha mwisho, geuza mkono uguse mgongo wa kiganja upande huo. Tawi linalolisha ngozi ya mgongo wa kiganja huachana na neva kabla haijafika kwenye kifundo. Kwa hiyo mgongo ukiwa na ganzi pia, kasoro iko juu ya kifundo, na mara nyingi ni kiwikoni. Mgongo ukihisi vizuri huku upande wa mbele una ganzi, shuku kifundo, hasa kwa bodaboda anayebonyeza usukani kwa kitako cha kiganja siku nzima. Ganzi ikipanda juu ya kifundo na kufuata upande wa ndani wa kigasha, shuku shingo, kwa kuwa ngozi ya hapo hailishwi na neva ya ulna. Miguu yote miwili nayo ikiwa na ganzi, pima sukari kwanza.

Kisha kuna ukoma, na hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Ukoma bado upo katika mikoa ya kusini, na neva ya ulna, hapo juu kidogo ya kiwiko, ni mojawapo ya neva unazozishambulia zaidi. Unaweza kuanza kama ganzi ya kidole cha mwisho tu. Yanayopaswa kukushtua ni haya: baka lililopauka au jekundu ambalo halihisi pamba ikilipitia; neva iliyonenepa kama kamba nyuma ya kiwiko ukilinganisha na mkono wa pili; kidonda au jeraha la moto ambalo hukulihisi lilipotokea; nyusi kupungua. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya anaweza kupapasa neva na kupima baka kwa pamba. Dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina. Neva ikiwa imevimba na kudhoofika kwa muda usiozidi miezi 6, vidonge vya steroidi (dawa za kushusha uvimbe) vinavyosimamiwa na daktari vinaweza kuirudishia nguvu. Kwa mgonjwa huyu, kukimbilia kisu kabla ya dawa ni kuruka hatua. Kukaa kimya kwa kuogopa maneno ya majirani ndiko kunakopoteza mikono.

Vipimo vitatu vya kufanya nyumbani

Cha kwanza: shika karatasi kwa mikono miwili, kila upande ukibanwa kati ya dole gumba lililonyooka na ubavu wa kidole cha shahada, halafu vuta kama unayetaka kuichana. Dole gumba la mkono mzima hubaki limenyooka. La mkono mgonjwa hujikunja kwenye kiungo cha ncha, kwa sababu msuli unaolisukuma upande umechoka na linaazima msuli wa neva nyingine.

Cha pili: jaribu kukipandisha kidole cha kati juu ya shahada, vipishane. Ukishindwa upande mmoja tu, misuli midogo imedhoofika.

Cha tatu: weka viganja vyote mezani, migongo ikiangalia juu, kwenye mwanga wa ubavuni. Tazama kilima cha nyama kati ya dole gumba na shahada, na mifereji kati ya mifupa ya kiganja. Upande mmoja ukiwa umebonyea, nyama imeanza kwenda.

Ganzi bila udhaifu wowote katika vipimo hivi ni hatua ya kwanza. Udhaifu bila kukonda ni ya pili. Kukonda ni ya tatu. Uchaguzi wote unategemea uko wapi kati ya hizo.

Njia ya kwanza: kuukinga mkono

Hii ni kwa hatua ya kwanza, hasa ganzi inayokuja na kuondoka. Mpe mkono miezi 3. Mambo ni mawili tu: kiwiko kisikunjwe kwa muda mrefu, na kisiegemezwe. Kuna utafiti uliolinganisha wagonjwa wa hatua za mwanzo waliopewa maelezo haya pekee na wale walioongezewa banzi la usiku, yaani kizuizi cha kukifanya kiwiko kisikunjwe, au mazoezi ya kuitelezesha neva, na makundi yote yalipata nafuu kwa kiasi kinachofanana. Maelezo yenyewe ndiyo tiba. Banzi ni la yule anayejikuta kila asubuhi ameamka amejikunja.

Banzi la nyumbani hutengenezwa kwa kanga au taulo. Kunja taulo liwe na upana wa sentimita 15 hivi, zungusha kwenye kiwiko mara tatu au nne, unene mkubwa ukae mbele, kwenye mkunjo, usiwe nyuma kwenye nundu. Funga kwa bandeji isiyobana: vidole viwili viweze kupita chini yake. Kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo, nyuzi 30 hadi 45. Ukilala chali kiganja kifike kwenye paja lakini kisiweze kufika kifuani. Wanaokosea hukinyoosha kiwiko kabisa, nao hulivua banzi usiku wa pili kwa maumivu. Wengine hukaza bandeji hadi vidole vinavimba, na ganzi inaongezeka.

Mchana, inua kiti au shusha meza ili viwiko vifunguke zaidi ya pembe mraba. Ukingo wa meza uvikwe kitenge kilichokunjwa, au viwiko visiuguse kabisa. Kila nusu saa nyoosha mikono chini kwa dakika moja. Simu iwekwe spika au ihamie sikio la pili.

Yasiyosaidia ni mengi kuliko yanayosaidia. Kuchua nundu ya kiwiko kwa nguvu, kupiga chuku na kuchanja chale juu yake huongeza uvimbe mahali pasipo na nafasi. Vidonge vya vitamini B humsaidia mwenye upungufu, lakini havifungui mfereji. Dawa za maumivu za muda mrefu huumiza tumbo na figo huku neva ikiendelea kubanwa. Sindano ya steroidi ya kiwikoni haijaonyesha faida kwa ugonjwa huu.

Njia hii hufeli kwa sababu moja kubwa: mtu huendelea nayo wakati mkono umeshavuka hatua. Rudia vipimo vitatu kila wiki mbili. Siku karatasi inapoanza kukunja dole gumba, miezi 3 yako imeisha hata kama ulikuwa kwenye wiki ya nne.

Kufungulia au kuhamisha

Kwa ganzi isiyoondoka, udhaifu, au miezi 3 iliyopita bila nafuu, swali linahamia kwenye aina ya upasuaji.

| | Kufungulia palepale | Kuhamishia mbele |
|---|---|---|
| Mkato | sentimita 6 hadi 10 | sentimita 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi |
| Kinachofanyika | utepe wa paa na mlango wa msuli vinakatwa, neva inabaki kitandani mwake | neva inanyanyuliwa yote na kulazwa mbele ya nundu, chini ya mafuta au chini ya msuli |
| Kiwiko baadaye | kinakunjwa ndani ya siku chache | banzi kwa wiki 1 hadi 3 |
| Kazi nzito | baada ya wiki 4 hadi 6 | baada ya wiki 8 hadi 12 |

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14 kwa njia zote mbili.

Tafiti zilizowagawa wagonjwa kwa kura kati ya upasuaji hizi mbili hazikuona tofauti ya maana katika kurudi kwa nguvu na hisia. Tofauti iliyoonekana ni maambukizi ya kidonda, ambayo ni mengi zaidi kwa waliohamishwa neva. Kwa hiyo kwa kiwiko cha kawaida tungechagua kufungulia. Mkato ni mfupi, neva haivuliwi mishipa yake midogo ya damu, na mtu anarudi kazini mapema. Kwa anayeishi kwa jembe au kwa nyavu, wiki 4 dhidi ya wiki 8 ni jambo zito.

Kuhamisha kuna wenyewe. Wa kwanza ni aliyevunjika kiwiko utotoni. Watoto wa huku huanguka kwenye miembe na mikorosho, na mfupa wa upande wa nje wa kiwiko ukivunjika bila kuungwa vizuri, mkono hukua ukipinda kwenda nje. Neva iliyo upande wa ndani huvutwa kila siku, na ganzi huja baada ya miaka mingi, pengine ishirini au zaidi, mtu akiwa amesahau kuwa aliwahi kuanguka. Kumkatia utepe tu mtu huyu hakuondoi mvuto. Wa pili ni yule ambaye neva yake inaruka juu ya nundu kila anapokunja kiwiko, na kila mruko unampiga shoti. Si watu wachache wenye neva inayoruka bila ugonjwa wowote, hivyo mruko peke yake si sababu. Shoti inayoambatana nao ndiyo sababu. Wa tatu ni aliyefunguliwa neva na dalili zikarudi.

Daktari anayehamisha neva anapaswa kuifungua kuanzia karibu sentimita 8 juu ya nundu na kukata ukuta mgumu ulio kati ya misuli ya mbele na ya nyuma. Ukuta huo ukiachwa, neva hupindwa juu yake, na mgonjwa anabanwa mahali papya. Ni miongoni mwa sababu kubwa za upasuaji wa pili. Katika njia zote mbili, tawi dogo la ngozi linalopita juu ya mkato linaweza kukatwa kwa bahati mbaya, likaacha kovu linalochoma au sehemu isiyohisi karibu na kiwiko. Kuna pia njia ya kuchonga nundu yenyewe ya mfupa. Hutumika mara chache, na haina cha kumfanya mgonjwa wa kawaida aitafute.

Hesabu ya milimita

Neva iliyobanwa huumia kwa namna mbili. Ganda lake la nje likichubuka, mawasiliano hukatika lakini waya wa ndani unabaki mzima. Ukiondoa mbano, hisia hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Waya wa ndani ukifa, lazima uote upya, nao huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi misuli midogo ya kiganja ni sentimita 25 hadi 30 kwa mtu mzima. Hizo ni siku 250 hadi 300 katika hali nzuri. Msuli uliokosa neva kwa miezi 12 hadi 18 huwa hauwezi tena kuipokea ikifika.

Weka hesabu hizo mbili pamoja utaona kwa nini kukonda hakusubiri. Aliyekonda mwezi uliopita akifunguliwa sasa, neva ina muda wa kufika. Aliyekonda mwaka mzima akifunguliwa sasa, itafika msuli ukiwa umeshafungwa. Upasuaji bado utaweza kumpunguzia maumivu na kuzuia kuzidi, na kwa nguvu kuna upasuaji mwingine wa kuhamisha kano za misuli yenye afya, ila huo ni mjadala na daktari wa mikono.

Kitu kimoja huwatisha waliopasuliwa: baada ya miezi kadhaa, vidole viwili vya mwisho vinaweza kujikunja zaidi kuliko mwanzo. Misuli ya kigasha inayokunja vidole iko karibu na kiwiko, hivyo hupata neva kwanza, wakati ile ya kiganja inayonyoosha bado inasubiri. Ni dalili ya kupona, mradi vidole vinanyooshwa kwa mkono wa pili kila siku visikakamae.

Msimu na safari

Mwenye hatua ya pili ambaye udhaifu hauongezeki anaweza kupanga. Mavuno ya korosho yakiisha Januari, na upuliziaji wa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, ukiwa bado hadi karibu Mei au Juni, Februari ni mwezi mzuri wa kupasuliwa hata kwa wiki 12 za kupumzika, ikiwa nyumbani kuna mtu wa kushika palizi. Mwenye hatua ya tatu asingoje msimu wala bei ya korosho.

Anzia kituo cha afya kwa ajili ya sukari, uchunguzi wa ukoma na karatasi ya rufaa, kisha hospitali ya mkoa: Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi. Hospitali ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ziko karibu zaidi kwa wengine. Piga picha ya kiwiko kama uliwahi kuvunjika au kama mkono hauko sawa na mwenzake. Kipimo cha umeme wa neva hakipo kila hospitali, na wenye dalili zilizo wazi wanaweza kuamuliwa bila hicho. Kinahitajika pale shingo na kiwiko vyote vinaposhukiwa, au dalili zinapojirudia baada ya upasuaji. Kikifanyika, kasi ya ujumbe kwenye neva chini ya mita 50 kwa sekunde kupita kiwikoni, au pungufu kwa zaidi ya mita 10 kuliko ya kigasha, huonyesha mbano.

Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari: utafungulia au utahamisha, na kwa kiwiko changu ni kwa nini? Usaha, homa, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Kiwiko kisibaki kimefungwa kuliko ulivyoambiwa, maana kikikakamaa kitakusumbua kuliko ganzi. Na mpaka hisia zirudi, sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene na maji ya moto yapimwe kwa mkono wa pili, kwa sababu kidole kisichohisi huungua hadi ndani kabla mwenyewe hajajua.